LAPTOPU NDOGO AU LAPTOPU KUBWA: TAWI LINUNUE IPI?

(Hotuba iliyotolewa katika mafunzo ya makatibu na waweka hazina wa matawi. Tunaichapa kwa faida ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo wengine wataliona dogo. Matawi yetu yamepewa ruhusa kununua kompyuta moja ya kupakata, ile ambayo sote tunaiita laptopu. Ni mashine moja kwa kila tawi, si mbili. Na mara tu ruhusa ilipotoka, ubishi ulianza. Makatibu wanataka ndogo, waweka hazina wanataka kubwa, na wengine wanataka ile inayong'aa zaidi dirishani mwa duka.

Ndugu zangu, jambo hili si dogo. Fedha zitakazonunua mashine hiyo zimekatwa mwezi kwa mwezi katika mshahara wa mchuma chai, wa mpakua mizigo, wa mfagiaji na wa karani. Mashine ikinunuliwa vibaya, itakaa kabatini, na mwanachama atakuwa amelipia kabati. Kwa hiyo yatupasa kuamua kwa hesabu, si kwa macho.

Kabla ya kompyuta, makarani walikuwa na mashine za taipu. Kulikuwa na ile nzito ya ofisini, iliyokaa juu ya meza yake mwaka hata mwaka. Kulikuwa na ile ndogo yenye mkoba wake, ya kuchukuliwa safarini. Tena nyingine zilitengenezwa pana ili zipokee karatasi kubwa za hesabu. Mwenye kununua alianza kwa kuuliza kazi itafanywa wapi, na nani ataifanya. Hilo ndilo swali letu leo vile vile.

INCHI NI NINI?

Muuzaji akikwambia "inchi 14", hapimi mashine yote. Anapima kioo peke yake, tena mshazari, kutoka pembe ya chini ya upande mmoja hadi pembe ya juu ya upande wa pili. Vioo vinavyopatikana sana ni vya inchi 13.3, 14, 15.6 na 17.3.

Sasa sikilizeni hesabu. Kioo cha inchi 15.6 kinazidi cha inchi 14 kwa inchi 1.6 tu katika kipimo hicho cha mshazari. Lakini vikiwa na umbo moja, eneo lake limezidi kwa karibu robo. Kikilinganishwa na cha inchi 13.3, eneo limezidi kwa zaidi ya theluthi. Kwa hiyo wale wasemao kwamba tofauti ni ndogo sana hawakupiga hesabu.

Lakini wenye kutaka kubwa wasishangilie upesi. Picha ya kioo hufanywa kwa nukta ndogo sana za nuru, na wingi wa nukta ndio unaoamua mambo mangapi yataonekana kwa mara moja. Ziko laptopu za inchi 15.6 zenye nukta 1366 kwa upana na 768 kwa kimo. Ziko laptopu za inchi 14 zenye nukta 1920 kwa 1080. Ile kubwa ina nukta zipatazo milioni 1. Ile ndogo ina zaidi ya milioni 2. Fungueni orodha ya wanachama katika zote mbili: ile kubwa yaweza kuonyesha mistari michache kwa herufi kubwa, na ile ndogo mistari mingi kwa herufi ndogo. Ukubwa wa kioo ni jambo moja, na wingi wa maandishi ni jambo jingine.

Karani mwenye macho ya ujana atafurahia mistari mingi. Karani aliyezidi umri wa miaka 50 atazikuza herufi, na akizikuza, mistari inapungua tena. Kwa sababu hiyo nasema, atakayeitumia mashine ndiye aende dukani. Mwenyekiti asiende peke yake na risiti mfukoni.

Wengine husema kwamba kubwa ina nguvu zaidi. Hapana. Nguvu ya mashine iko katika prosesa, ambayo ndiyo akili yake ya kufanya hesabu, katika memori yake ya kazi, na katika ghala lake la kuwekea mafaili. Vitu hivyo haviongezeki kwa sababu kioo ni kipana. Kwa barua, hesabu za tawi, orodha na mikutano ya video, memori isipungue gigabaiti 8, na ghala liwe la SSD, si diski ya zamani inayozunguka. Lakini ndogo nyingi zilizo nyembamba zimegandishwa memori yake ndani kabisa, wala huwezi kuiongeza baadaye. Kubwa nyingi hufunguka na kuongezwa. Ulizeni hilo kabla ya kulipa.

MZIGO NA NJIA

Laptopu nyingi za inchi 13 na 14 zina uzito wa kilo 1.2 hadi 1.6. Nyingi za inchi 15.6 zina kilo 1.6 hadi 2.2, na za inchi 17 mara nyingi hupita kilo 2. Ongezeni na chaja.

Dukani mtu huinua mashine kwa mkono mmoja na kusema, "Nusu kilo ni nini?" Nusu kilo haipimwi dukani. Hupimwa saa kumi jioni, katibu akitoka katika kambi ya tatu ya shamba la chai upande wa Kericho, ametembea, amepanda bodaboda, na sasa amekaa katika matatu iliyojaa, mkoba juu ya mapaja. Kesho yake atafikiri mara mbili kama aichukue mashine au aiache ofisini.

Na hapo, ndugu zangu, ndipo penye jambo lenyewe. Mashine ikiachwa ofisini, katibu huandika malalamiko ya mfanyakazi katika karatasi, kisha usiku huyaandika tena katika mashine. Katika kuandika mara mbili, tarehe hupotea. Mnajua ninyi wenyewe tarehe ni kitu gani katika kesi ya mtu aliyefukuzwa kazi: siku aliyopewa barua, siku aliyoitwa kujitetea, siku aliyolipwa mara ya mwisho. Mashine ikiwapo pale pale, maneno huandikwa mara moja, husomwa mbele ya mwenyewe, naye husahihisha kabla katibu hajaondoka. Mashine ndogo inayokwenda na katibu yamfaa mwanachama kuliko kubwa inayomngoja ofisini.

Lakini udogo nao una mpaka wake. Mwaka 1981 huko Marekani ilitolewa kompyuta ya kuchukulika iliyoitwa Osborne 1. Ilikuwa na kilo zipatazo 11, na kioo cha inchi 5 tu: nzito kubeba, tena taabu kusoma. Mwaka 2007 kampuni ya Asus ilitoa Eee PC ya kwanza, yenye kioo cha inchi 7, na uzito wake haukufika kilo 1. Ilibebeka vizuri, lakini vidole vya mtu mzima vilibanana juu ya kibodi yake. Kwa kazi ya tawi, mimi nasema tusishuke chini ya inchi 13.

UMEME NA BETRI

Matawi mengine hukatiwa umeme mara kwa mara, na mikutano mingine hufanywa chini ya mti. Kwa hiyo betri ni jambo kubwa.

Betri hupimwa kwa wati-saa, na kipimo huandikwa juu yake kwa herufi Wh. Betri ya wati-saa 50, katika mashine inayokula wati 10, itakaa saa 5. Mashine ikila wati 15, betri ile ile itakaa saa 3 na dakika 20. Kioo kikubwa kina eneo kubwa la kuangazia, nacho hula umeme zaidi. Watengenezaji wengine hutia betri kubwa katika mashine kubwa ili kufidia. Wengine hawafanyi hivyo. Msitosheke na maneno ya tangazo. Someni kipimo.

Tena tazameni chaja. Ndogo nyingi za siku hizi, na baadhi ya kubwa, hupokea umeme kwa tundu la USB-C, na zaweza kupata nguvu hata kwa betri ya akiba iliyo kubwa ya kutosha. Zenye tundu la aina yake peke yake zitakutesa siku chaja itakapopotea safarini.

MWEKA HAZINA ANA HAKI YAKE

Nimesema mengi upande wa katibu. Sasa nimtetee mweka hazina. Yeye huketi na safu za nambari kutwa: majina, namba za kazi, michango iliyoingia, michango iliyobaki. Kioo kidogo humlazimisha kusogeza ukurasa huku na huko, na katika kusogeza, jicho huruka mstari. Mstari ukirukwa, mwanachama aliyelipa anaonekana hakulipa. Hilo si jambo la kuchekwa.

Tena laptopu nyingi za inchi 15.6 zina vitufe vya nambari upande wa kulia, kama vya mashine ya hesabu. Za inchi 13 na 14 kwa kawaida hazina. Mtu anayeingiza nambari mia mbili kwa siku ataona tofauti upesi.

Lakini mashine ndogo yaweza kukuzwa. Chomekeni kioo cha mezani cha inchi 24: eneo lake ni zaidi ya mara mbili ya kioo cha laptopu ya inchi 15.6 yenye umbo hilo hilo. Vitufe vya nambari navyo huuzwa peke yake, na huchomekwa kwa waya mmoja. Jioni katibu akirudi, mashine ile ile ya mkoba inakuwa mashine kubwa ya mweka hazina. Ndogo hukuzwa, ndugu zangu, kubwa haipunguzwi.

Maneno hayo yana masharti matatu. La kwanza, fedha za kioo cha mezani ziwekwe katika bei tangu mwanzo, isiwe ahadi ya mwakani. La pili, ofisi iwe na umeme na kufuli. La tatu, katibu na mweka hazina wakubaliane siku za kila mmoja, nao waandike. Kama masharti hayo hayapatikani, na kazi kubwa ya tawi ni hesabu za mezani, nunueni ya inchi 15.6 bila haya. Tawi la mjini ambalo wanachama wake hufika wenyewe ofisini halina sababu ya kulipia wepesi ambao hautatumika.

SHINGO NA MGONGO

Laptopu yo yote, ndogo au kubwa, ina kasoro moja ya kuzaliwa: kioo na kibodi vimeshikamana. Mikono ikikaa vizuri, shingo inainama. Kioo kikiinuliwa mpaka usawa wa macho, mikono inaning'inia juu. Katika ndogo shingo huinama zaidi, kwa sababu kioo kiko chini zaidi na herufi ni ndogo.

Dawa yake si ghali. Inueni mashine kwa sanduku au vitabu mpaka ncha ya juu ya kioo ifike karibu na usawa wa macho, kisha mtumie kibodi na mausi ya kuchomeka. Mtu anayetumia laptopu kwa saa nyingi kila siku bila vitu hivyo anajilimbikizia maumivu.

HATARI YA KUPOTEA

Sitaficha ubaya wa ile ndogo. Kitu kinachobebeka huibika, na mkoba husahaulika katika matatu. Ndani ya mashine yetu mna majina ya wanachama, namba zao za simu, na malalamiko waliyotuambia kwa siri. Tangu mwaka 2019 Kenya ina Sheria ya Kulinda Data, na habari za mtu za namna hiyo zikivuja na kuleta hatari ya kweli kwake, mwenye kuzitunza hupaswa kumjulisha Kamishna wa Data katika muda wa saa 72 tangu ajue.

Kwa hiyo kila mashine iwe na neno la siri, na ghala lake lifungwe kwa msimbo, ili mwizi akilitoa asiweze kusoma kitu. Nakala ya mafaili ibaki ofisini chini ya kufuli, na ifanywe upya kila juma. Tawi lisiloweza kufanya hivyo lisibebe majina ya watu barabarani, hata mashine iwe nyepesi kama unyoya.

DAFTARI LA MAJUMA MAWILI

Sasa mtaamuaje? Msipige kura leo. Chukueni daftari, mchore safu tatu. Safu ya kwanza: kazi iliyofanywa mezani ofisini. Ya pili: kazi iliyofanywa juu ya meza ya mahali pengine, kama ofisi ya mwajiri au ukumbi wa mkutano. Ya tatu: kazi iliyofanywa pasipo meza. Kwa majuma mawili, katibu na mweka hazina waandike kila kazi ambayo ingehitaji mashine, na muda wake.

Kisha jumlisheni. Kama safu ya pili na ya tatu pamoja zimefika theluthi ya muda wote, nunueni ndogo ya inchi 13 au 14 pamoja na kioo cha mezani. Kama hazikufika, nunueni kubwa. Leteni daftari hilo katika mkutano wa tawi, wanachama walione. Ubishi wa maneno hauishi, lakini daftari husomwa na kila mtu.

Mkienda dukani, hasa kwa mashine zilizotumika ng'ambo, fanyeni mambo haya kabla ya kutoa fedha. Andikeni barua fupi kwa kibodi ile ile. Ondoeni chaja, muitumie kwa nusu saa, mtazame betri imeshuka kiasi gani. Itoeni nje kwenye mwanga mkali, mtazame kama kioo kinasomeka. Chomekeni kioo cha mezani, mhakikishe tundu lake linafanya kazi. Na kama ni mashine ya Windows, ulizeni kama inakubali Windows 11, kwa sababu msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine nzuri ya kutazama isiyoikubali itawaingiza katika gharama nyingine.

NA WAAJIRI JE?

La mwisho ni la mapatano. Wanachama wetu wengi walio makarani hupewa laptopu na mwajiri, na mara nyingi ni ndogo. Huambiwa kwamba ni heshima. Huenda ikawa heshima, lakini mashine inayochukulika ni kazi inayochukulika. Iliyokuwa kazi ya ofisini sasa inalala chumbani, na saa za jioni hazihesabiwi na mtu.

Kwa hiyo mkikaa mezani na waajiri, msiulize tu kama watu watapewa mashine. Ulizeni ni ya ukubwa gani, na kama wenye kuitumia waliulizwa. Ulizeni kama kutakuwa na kioo cha mezani, kibodi na mausi kwa anayeketi nayo kutwa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwenye mahali pa kazi kuhakikisha usalama, afya na ustawi wa wanaofanya kazi hapo, na shingo ni sehemu ya afya. Kisha ulizeni kazi inayofanywa kwa mashine hiyo baada ya saa za kazi italipwaje. Yaandikwe katika mkataba.

Bwana Mwenyekiti, nimemaliza. Sikuja kuwaambia kwamba ndogo ni bora au kubwa ni bora. Nimekuja kuwaomba mjue kazi ya tawi lenu kabla ya kujua mashine. Rudini makwenu, fungueni daftari kesho asubuhi, na katika mkutano ujao kila tawi lilete hesabu yake.

Umoja ni nguvu.